Ameacha pombe, sasa jioni anakaa na nani?

Kaka yangu ametoka rihabu, kituo cha kutibu uraibu, baada ya miezi mitatu. Mbona nyumbani ndiko anakohangaika zaidi?

Kule alikuwa na watu kutwa kucha: wa kula nao, wa kupiga nao deki, wa kupiga nao soga usingizi ukigoma. Sasa yuko Kayole, chumba kimoja, na nyinyi mmekwama Jogoo Road hadi saa mbili usiku. Saa kumi na moja ikifika, ndiyo saa yake ya chang'aa, na mwili haujaisahau. Isitoshe, marafiki wake wote walikuwa wa kijiweni. Kuacha pombe kulikuwa kuwaacha wao pia, na hilo nyumbani hakuna anayempa pole.

Upweke unafanya nini mwilini?

Ukidumu, mwili huona kama uko hatarini: homoni za mkazo hupanda, usingizi hukatika. Ubongo wa aliyeacha juzi bado hauonji raha ndogondogo, ila unaikumbuka vizuri ile njia ya mkato. Ndiyo maana kiu humjia akiwa peke yake, hata kama amekusudia kwa dhati kuacha.

Basi tumchunge?

Kumpekua mifuko na kumnusa mdomo mlangoni kunamwongezea upweke. Kaeni naye. Namkumbuka mama mmoja wa Umoja, muuza chipsi, aliyempa mwanawe kazi ya kumenya viazi kila jioni. Ndoo ya maji katikati, visu viwili, mama akisimulia ya sokoni, kijana akijibu neno mojamoja. Baada ya wiki kadhaa kijana ndiye aliyekuwa akisimulia. Mimi ile ndoo naihesabu kuwa sehemu ya matibabu.

Na nje ya familia?

Kuna vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935 na vinavyokutana hapa Nairobi pia. Hakuna ada, na jina la kwanza linatosha. Mwenye uraibu wa heroini anaweza kupata methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, katika Hospitali ya Mathari. Mkitaka ushauri, pigeni 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Akirudia je?

Msimfukuze, msimfungie ndani peke yake. Aliyekaa muda bila heroini mwili wake hauihimili tena, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua. Ukimkuta anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na haamki, hiyo ni dharura: mwiteni daktari au mkimbizeni hospitali mara moja. Naye akirudia kunywa kila siku, msimkatishe pombe ghafla nyumbani, kwani anaweza kupata degedege na kuweweseka. Hilo lisimamiwe na daktari.

Na akikupigia saa sita usiku, pokea. Muulize yuko wapi, kisha mwambie unakuja. Ya kwa nini amekunywa yangoje asubuhi, akishakula.