Tiba ya mwanga kwa jeraha la ubongo: mbili chini ya jina moja

Msimu wa karafuu hauishi Pemba bila ya watu kuanguka mikarafuuni na kuumia vichwa, na Unguja vespa na bodaboda zinaleta majeruhi wengine mwaka mzima. Siku hizi jamaa wa majeruhi hakosi kuambiwa na mtu kwamba ipo tiba ya mwanga, "ile ya taa nyekundu, imeshathibitishwa". Taa gani, na imethibitishwa kwa lipi, hapo mazungumzo huhama.

Kwa maana fupi, tiba ya mwanga ni kumpa aliyeumia ubongo nuru ya rangi na nguvu iliyopimwa, kwa muda uliopangwa, ili apate nafuu. Si tiba ya mionzi ambayo wagonjwa wa saratani huvuka bahari kuifuata hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, wala si picha ya CT, ambayo huonyesha jeraha bila ya kulitibu.

Linalochosha zaidi ni kwamba jina hilo limebeba matibabu mawili yasiyofanana hata kwa mlango wa kuingilia, na watu huchukua matokeo ya moja wakaivika nyingine.

Ya kwanza huingia machoni. Ndani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zimo seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu bali kuiarifu saa ya mwili kwamba kumekucha, na seli hizo huitikia zaidi mwanga wa buluu. Aliyepigwa kichwa mara nyingi huharibikiwa na usingizi: usiku yuko macho, mchana anasinzia barazani, na watu wa nyumbani humdhania mvivu. Mwaka 2020 William Killgore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu waliopata mtikisiko wa ubongo walikaa mbele ya taa ya buluu nusu saa kila asubuhi kwa wiki sita, huku wenzao wakipewa taa ya rangi ya kaharabu ili walinganishwe nao. Waliopewa ya buluu walipungukiwa na usingizi wa mchana, na saa zao za kulala na kuamka zikasogea mapema. Hiyo ni faida ya kweli, na vipimo vilionyesha mabadiliko kadhaa katika ubongo pia, lakini taa haikumulika jeraha lenyewe. Njia yake ilikuwa ni kuirekebisha saa ya mwili.

Ya pili hupita kwenye fuvu. Asili yake ni Hungaria, ambako mwaka 1967 Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu, na manyoya yao yakaota upesi kuliko ya wenzao. Hapa hutumika mwanga mwekundu au infraredi ya karibu, yaani nuru iliyo jirani na nyekundu, na inadhaniwa kwamba kimeng'enya kimoja cha mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli, hunyonya nuru hiyo, seli ikapata nishati zaidi. Kikwazo ni mfupa wa kichwa, kwani sehemu ndogo tu ya nuru hufika kwenye ubongo. Jaribio la Boston lililochapishwa mwaka 2020 liliwagawa wagonjwa 68 wenye jeraha la wastani makundi mawili, moja la kuvishwa kofia ya taa ndani ya saa 72 tangu kuumia na jingine kofia isiyowashwa, ingawa 28 tu ndio waliofikia kuvishwa angalau mara moja. Kofia haikuwadhuru, na picha za MRI zilionyesha tofauti katika ubongo wa waliomulikwa. Lakini kwa dalili walizokuwa nazo wagonjwa, makundi mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa kiharusi hali ilikuwa nzito zaidi: jaribio kubwa la tatu la leza ya kichwani lilisimamishwa mwaka 2012 kwa kukosa dalili ya faida.

Kwa hiyo aliyesikia kwamba "mwanga umesaidia" na aulize kwanza umeingia wapi, machoni au fuvuni, na umesaidia nini, usingizi au ubongo wenyewe. Ile taa nyekundu ya fiziotherapia, inayopasha moto mgongo na bega, haimo katika haya mawili, na infraredi ya karibu haionekani kwa jicho, hivyo wekundu wa taa ya dukani hautoshi kuwa ushahidi wa kitu. Aliyeumia kichwa leo aharakishwe hospitali, na aliyeumia zamani akasumbuliwa na usingizi amweleze daktari habari za usingizi kabla ya kuulizia taa, kwa kuwa wapo ambao baada ya pigo la kichwa mwanga mkali huwazidishia maumivu.