Bakteria hawaishi kila mmoja kivyake

Wengi tulifundishwa kwamba bakteria ni kiumbe wa seli moja, kwa hiyo kila mmoja huishi kivyake: hula, hugawanyika, basi. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili si kweli, na ushahidi upo tangu 1970, pale Nealson, Platt na Hastings walipoonyesha kwamba bakteria fulani wa baharini hawatoi mwanga wao mpaka wawe wengi.

Kila mmoja wa bakteria wa aina hii hutoa molekuli ndogo nje ya seli yake. Wakiwa wachache, molekuli hizo husambaa na kupotea. Wakiongezeka, hurundikana, hunaswa na vipokezi, yaani protini za bakteria zinazozitambua, na jeni kadhaa huwashwa kwa pamoja. Ni kama kikao kinachosubiri akidi itimie.

Ndani ya mnyama aliye hai mambo huwa magumu zaidi, na hapo ndipo panaponivutia hasa. Chupa ya maabara haina damu inayopita ikizoa molekuli, wala chembe za kinga zinazowinda. Ndiyo maana watafiti huwatumia pia panya: bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, akiondolewa jeni ya kipokezi chake cha molekuli hizo kiitwacho LasR, huwa dhaifu zaidi kwenye vidonda vya moto.

Wala tusidhani kwamba akidi ikitimia huongeza ukali wa maambukizi kila mara. Kwa bakteria wa kipindupindu ni kinyume kabisa: wakishakuwa wengi, huzima jeni za sumu na za kujishikiza, hali inayowarahisishia kutoka utumboni na kwenda kutafuta mwili mwingine.