Fundi Aliyeumwa na Nge: Maisha ya Kila Siku Katika Misri ya Kale

Katika mwaka wa 40 wa utawala wa Farao Ramses II, karne ya 13 KK, fundi mmoja aitwaye Seba hakwenda kazini. Aliumwa na nge. Tunalijua hilo kwa sababu karani aliliandika kwenye bapa la jiwe la chokaa, ambalo leo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Tarehe ziliandikwa kwa wino mweusi, na juu yake, kwa wino mwekundu, sababu za wasiofika. Mna majina 40 humo. Huyu anaumwa macho, yule anapika pombe, mwingine amefiwa na mama yake.

Sisi tunaofundisha historia makumbusho tungetamani watu waanze kuijua Misri kwa jiwe hilo, piramidi zifuate baadaye.

Watu hao walitoka wapi? Zamani sana Sahara ilikuwa na nyasi, maziwa na mifugo. Mvua zilipozidi kupungua, watu wakasogea kwenye bonde la Mto Naili. Kufikia mwaka 4400 KK hivi, wakulima wa Badari, Misri ya Juu, walikuwa wakipanda ngano na shayiri na kufinyanga vyungu vyembamba vya kung'aa. Misri ya Juu, tukumbuke, iko kusini, kwani ndiko mto unakotokea. Takriban mwaka 3100 KK kusini na kaskazini zikawa dola moja, na mfalme anayetajwa zaidi katika muungano huo ni Narmer.

Dola hiyo ililishwa na tope. Kila mwaka mvua za nyanda za juu za Ethiopia ziliujaza Mto Naili ukafurika, na maji yalipopwa yaliacha udongo mweusi wenye rutuba. Ndiyo maana wenyewe waliiita nchi yao Kemet, yaani nchi nyeusi. Maji ya Ziwa Victoria nayo hufika huko kwa njia ya Naili Nyeupe, lakini tope lile kwa sehemu kubwa lilitoka Ethiopia. Mwaka waliugawa katika majira matatu ya miezi minne minne: mafuriko, kuota kwa mazao, na mavuno.

Chakula chao kikuu kilikuwa mkate na pombe ya shayiri, pamoja na vitunguu na samaki. Wanawake walisaga nafaka kwa mawe, wamepiga magoti, kama walivyosaga bibi zetu wengi kabla ya mashine kufika vijijini. Mchanga na chembe za jiwe zilibaki kwenye unga, na ukitazama meno ya maiti zao, za matajiri kwa maskini, utakuta yamelika vibaya.

Seba aliishi Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme karibu na Luxor ya leo. Hapakuwa na kisima cha kuwatosha, hivyo maji yaliletwa kwa punda. Fedha za sarafu hazikuwapo. Fundi wa kawaida alilipwa kwa mwezi magunia 4 ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri, gunia lao likiwa na ujazo wa lita 77 hivi. Posho ilipochelewa katika mwaka wa 29 wa Ramses III, mafundi waliorithi kazi hiyo hiyo waliweka zana chini, wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu wakidai kwamba njaa na kiu ndivyo vilivyowaleta pale. Huo ndio mgomo wa wafanyakazi wa kale zaidi tulio na maandishi yake.

Kijijini hapo pia ndipo alipoishi mama mmoja, Naunakhte. Mwanamke wa Misri aliweza kumiliki mali na kuigawa apendavyo, naye katika uzee wake alisimama mbele ya baraza, miaka ya 1140 KK, akatoa wasia. Alisema amelea watoto wanane na kuwaandalia kila kitu cha kuanzia maisha, lakini sasa amezeeka na baadhi yao hawamtunzi. Hao aliwanyima fungu lake. Mwana mmoja, Kenherkhepeshef, alimwongezea zawadi ya peke yake: bakuli la shaba la kunawia.