Picha za baharini: tunayoambiana Nairobi kabla ya kushuka Pwani

Kila Desemba ikikaribia, watu hunipigia simu hapa Nairobi wakiniuliza wanunue kamera gani ya kupigia picha samaki na kasa. Swali hilo lenyewe limebeba dhana potofu ya kwanza. Kinachoharibu picha nyingi za baharini ni maji yaliyo kati ya lenzi na samaki, na hakuna kamera ghali inayoyaondoa.

Maji hunyonya mwanga, na rangi haziondoki kwa pamoja. Nyekundu hutangulia, ukifika mita tano imefifia sana. Hufuata rangi ya machungwa, kisha njano, mpaka unabaki na kijani na buluu. Wengi wakishasikia hivyo hudhani shida ni kina peke yake. La, mwanga hushuka kutoka juu hadi kwa samaki, kisha hutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi, na safari zote mbili zinahesabika. Kwa hiyo kuvuta picha kwa zumu ukiwa mbali hakukusaidii kitu. Msogelee pole pole hadi mita moja au pungufu. Na usiliamini jicho, kwa sababu majini kitu huonekana karibu zaidi kwa robo ya umbali wake na kikubwa zaidi kwa theluthi.

“Basi nitawasha flashi.” Flashi iliyo juu ya lenzi humulika kila chembe inayoelea mbele yako, picha ikatoka kama imenyunyiziwa unga. Wenye taa za majini huzifunga pembeni, mbali na lenzi. Asiye nazo apige kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu na mgongoni mwake, penye maji ya mita mbili au tatu. Hapo miwani ya mbizi na mrija vinatosha, mtungi wa hewa si lazima.

Dhana inayotugharimu zaidi sisi wa bara ni kwamba bahari ni ile ile mwaka mzima. Tunafuata likizo za shule, Aprili na Agosti, wakati kusi inavuma na maji yamechafuka. Kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, ndiyo hutuliza bahari. Tena ndani ya mwezi mmoja kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukimbia kwa nguvu na kutimua mchanga. Niliwahi kufika Watamu siku kama hiyo. Nahodha alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akavitazama vidole vyake, akaniambia, “Mwanangu, leo utapiga picha za mchanga. Njoo wiki ijayo, maji mafu.” Sikumsikiliza, na sikupata hata picha moja ya kuhifadhi. Nilirudi wiki iliyofuata, mwamba ule ule na kamera ile ile, nikahesabu magamba ya samaki mmoja aitwaye changu kwenye picha.

Kusi nayo ina neema yake. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita Pwani yetu wakitokea bahari za Antaktika, na hao hupigwa picha kutoka botini.

Wengine husema Nairobi haihusiani na bahari. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikaitwa Galana, kisha Sabaki, ikamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Masika yakikolea, bahari ya hapo huwa rangi ya chai ya maziwa, na tope hilo hufika hata kwenye matumbawe ya hifadhi ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968. Chupa iliyotupwa mtoni penye soko la Gikomba, hapa Nairobi, ina njia ya maji ya kuifikisha huko. Nikiona mtu anarusha taka mtoni huku ananisimulia safari yake ya Pwani, huniuma.

“Kumshika kiumbe wa baharini kidogo hakumdhuru.” Hili ndilo ningetamani lifutike kabla ya mengine yote. Nimeona kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, kikipitishwa mikononi mwa watu sita ufukweni Diani, kila mmoja akitaka picha. Kwa chini, miguu yake midogo kama nyuzi zenye vikombe nchani ilikuwa ikijivuta ndani, mmoja baada ya mwingine. Miguu hiyo, pamoja na vinyama laini vya ngozini, ndiyo kiumbe huyo hupumulia, na hupumulia majini tu. Matumbawe nayo si mawe ya kusimamia, ni wanyama. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na yaliyobaki hayahitaji kukanyagwa.

Kasa lazima apande juu kuvuta pumzi, kwa hiyo usimzibie njia. Akiwa anakula majani ya bahari, tulia pembeni na atakuzoea. Usiku akipanda ufukweni kutaga usimmulike kabisa, maana anaweza kurudi baharini bila kutaga. Subira inalipa hata kwa pono. Tunasema mtu amelala usingizi wa pono, na samaki huyo hulala hivyo kweli. Baadhi yao hujifunika usiku kwa utando wa ute unaowakinga na vijidudu vinyonyavyo damu. Utando huo ukiuona, usiuguse.

Simu “isiyoingia maji” ilijaribiwa kwa maji baridi, si ya chumvi. Itie kwenye mfuko wake, na kwanza jaribu mfuko huo kwenye beseni ukiwa na karatasi ya shashi ndani.

La mwisho linahusu wanaozamia kwa mtungi. Huambiwa wasipande ndege upesi, nao hujibu kwamba wanarudi kwa treni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwili haujali umepanda kwa chombo gani. Ukipanda juu kanieneo la hewa hupungua, na naitrojeni iliyobaki damuni tangu kuzamia inaweza kutoa mapovu. Ngoja angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, na saa 18 ukiwa umezamia siku kadhaa. Mimi siku ya mwisho huuacha mtungi. Maji yakipwa, hutembea juu ya mchanga mtupu na kupiga picha kaa na vijisamaki kwenye vidimbwi, mpaka saa ya kwenda stesheni.