Mheshimiwa kaongea jukwaani kuhusu watu transi, unamshika wapi?

Kila msimu wa mikutano ukianza hapa Tanga simu yangu inajaa klipu. Mheshimiwa fulani kasimama Tangamano, kaongelea barabara, kaongelea maji, kaongelea bei ya mkonge, kaona watu wameanza kuchoka, basi akachomekea neno kuhusu wanaume wanaojifanya wanawake na uwanja mzima ukaamka, makofi, vigelegele. Anayenitumia ana swali lile lile kila mwaka: wakili, hii si kesi hii? Mi riziki yangu ni ardhi na mirathi, tusidanganyane, ila nafundisha pia wasaidizi wa kisheria upande wa haki za kikatiba, kwahiyo naandika hapa niwe natuma linki badala ya kurekodi voisi ndefu usiku.

Jibu: kesi kwa maana ya kumburuza mahakamani kesho asubuhi, mara nyingi hapana. Lakini pa kumshika papo.

Kwanza tujue tunaongelea nani. Mtu transi ni yule ambaye jinsia anayojijua nayo hailingani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Si lazima awe shoga, na wala si yule huntha mnayemsikia kwenye darsa za mirathi, huyo ni suala la maumbile aliyozaliwa nayo. Wanasiasa wanawatia wote kapu moja, na hapo wanateleza kisheria, maana kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo, yaani ngono inayoitwa "kinyume na maumbile" (na adhabu ni nzito, miaka isiyopungua 30 mpaka maisha), hakisemi popote kwamba mtu kuwa transi ni kosa. Kwa huku bara hamna sheria inayosema hivyo. Pia hamna utaratibu wa kisheria wa kumtambua mtu kwa jinsia nyingine, hilo nalo ni kweli. Kwahiyo mheshimiwa akisema "sheria yetu inataka hawa wakamatwe" unaweza kumuuliza kifungu gani, bila kuingia naye kwenye ubishi wa dini wala mila, ubishi ambao jukwaani atakushinda tu kwa sababu maiki anayo yeye.

Na asidanganywe mtu, mwanasiasa ana haki ya kusema hakubaliani na haki za watu transi. Ibara ya 18 ya Katiba inamlinda yeye kama inavyonilinda mimi. Maoni yake tunajibu kwa maoni. Tunachomuwajibisha nacho ni pale anapotoa amri isiyo na sheria, anapochochea watu wapigwe, au anapodai jambo kama ni ukweli na hana ushahidi.

Sasa nije kwenye mfano ambao kila mtu anaukumbuka ila wengi wanaukumbuka nusu. Mwisho wa Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kuunda kamati ya kuwasaka mashoga na akawaomba wananchi wamletee majina. Hapakuwa na sheria mpya, ni mtu na vyombo vya habari, lakini watu walihama makwao, wengine wakaacha kwenda kliniki, na watu transi waliingia humo humo maana mtaani anayeonekana ndo anayetajwa wa kwanza. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa ya maandishi kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Nusu nyingine ambayo watu wanaipenda ni ile ya wazungu: Denmark ikazuia msaada, Umoja wa Ulaya ukamwita balozi wake nyumbani, Januari 2020 Marekani ikampiga Makonda marufuku kuingia kwao. Alafu? Machi 2024 akateuliwa mkuu wa mkoa wa Arusha. Mi sina imani kubwa na presha ya nje, inampa mheshimiwa jukwaa la pili la kusimama kama mtetezi wa taifa, na wale aliowataja wanabaki pale pale na majirani wale wale.

Ila ile karatasi ya wizara, hiyo ndo naipenda. Kwa sababu mkuu wa mkoa si mzee wa barazani anayepiga soga baada ya alasiri. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa yeye na mkuu wa wilaya uwezo wa kuagiza mtu awekwe ndani mpaka saa 48, polisi wanamsikiliza, watendaji wa kata wanamsikiliza, hivyo neno lake linatembea kama agizo hata kama halijaandikwa. Siku serikali yenyewe inaposema kwa maandishi "yale ni yake binafsi", lile neno linavuliwa sare. Polisi wa kituoni hawezi tena kusema katumwa na mkoa.

Kwahiyo ninachowafundisha wasaidizi wangu ni kuandika barua yenye swali moja. Mheshimiwa, tarehe fulani mahali fulani ulisema maneno haya (unayaandika yote, neno kwa neno, bila kupamba), je hilo ni tamko la ofisi yako au ni maoni yako binafsi, na kama ni la ofisi limetolewa chini ya sheria ipi? Basi. Usimtukane, usimhubirie haki za binadamu kurasa saba. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kukujibu. Akijibu ni binafsi, umepata karatasi ya kumuonyesha OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), mganga mfawidhi, mwenye nyumba anayetaka kumtoa mtu. Akijibu ni la ofisi, hapo amekupa uamuzi wa kiutawala, na uamuzi wa kiutawala unapingika Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio, yaani mahakama inakagua kama ulifuata sheria, unaomba kwanza kibali ndani ya miezi sita. Asipojibu, ukimya wake nao unaingia kwenye faili wenye tarehe. Sijawahi kuona swali lingine ambalo majibu yote yanakusaidia.

Wanaodhani nakuza mambo kwamba neno la jukwaani haliwezi kuwa agizo, nawakumbusha Chalinze, hapo tunapopita kila tukienda Dar. Tarehe 22 Juni 2017 Rais Magufuli alisema akiwa pale kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shule wakati wa uongozi wake. Hakusaini sheria siku ile. Walimu wakuu nchi nzima wakafuata kama imesainiwa, mpaka tarehe 24 Novemba 2021 wizara ya elimu ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi, na mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya haki za mtoto ikaona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wale wasichana. Hesabu mwenyewe mabinti waliopotelea katikati.

Tofautisha na agizo lililotoka wizarani moja kwa moja. Mwaka 2016 Wizara ya Afya, waziri akiwa Ummy Mwalimu ambaye baadaye 2020 alikuja kuwa mbunge wetu hapa Tanga Mjini, ilizuia mashirika kugawa vilainishi vya kutumia kwenye ngono, na Februari 2017 ikasimamisha huduma za VVU kwenye vituo vya jamii vilivyokuwa vinahudumia makundi kama haya, mashoga wakiwemo. Hapo huna haja ya kuuliza umesema kama nani, amesema kama waziri, kalenda ya miezi sita inaanza kukimbia siku hiyo hiyo. Watu walibaki wanalalamika kwenye magrupu mpaka muda ukaisha.

Bungeni ni habari nyingine. Ibara ya 100 inasema kinachosemwa mle hakihojiwi mahakamani, kwahiyo klipu ya Dodoma usiniletee kama kesi ya kashfa. Hata nje ya Bunge kashfa inataka wewe mwenyewe utambulike kwenye yale maneno, kundi zima halishtaki kashfa. Anayeweza kumbana mbunge ni mbunge mwenzie. Uingereza tarehe 7 Februari 2024 Rishi Sunak akiwa waziri mkuu alimtania mpinzani wake bungeni kwa mzaha juu ya mwanamke ni nani, siku ambayo mama wa binti transi wa miaka 16 aliyeuawa mwaka mmoja nyuma alikuwa amefika pale Bungeni. Mpinzani huyo, Keir Starmer, alimkaripia papo hapo. Sunak hakuomba radhi kwa ule mzaha, ila karipio na mzaha vyote vipo kwenye Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya maneno ya bungeni, milele. Yetu nayo ipo, inawekwa kwenye tovuti ya Bunge, isomeni, msitegemee vipande vya tiktok.

Sasa kupima uzito. Sio kila ropoka ni uchochezi, na ukikimbilia kulalamikia kila utani hata siku ya maana hutasikilizwa. Mi natumia vigezo vya Rabat vya 2012 vya Umoja wa Mataifa, vinaangalia hali ya mahali wakati ule, msemaji ana cheo gani, alikusudia nini, alisema nini hasa, yalifika kwa watu wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea karibuni. Diwani akitania msibani si sawa na mkuu wa wilaya redioni asubuhi wiki ambayo mtu kapigwa Makorora. Afrika Kusini wana Mahakama ya Usawa kwa mambo kama haya, na Julai 2021 Mahakama yao ya Katiba ilithibitisha kwamba makala ya mwandishi Jon Qwelane ya 2008 dhidi ya mashoga yalikuwa maneno ya chuki. Ilichukua miaka 13 na mwenyewe alishafariki. Sisi mahakama hiyo hatuna.

Tulichonacho ni ibara ya 13, ambayo inakataza ubaguzi na kutaja hadi jinsia na hali ya maisha ya mtu, lakini mabadiliko ya sheria ya 2020 yalitaka anayefungua shauri la haki za msingi aape kwamba yeye mwenyewe kaathirika. Maana yake ilikuwa mtu transi atoke, jina lake, uso wake, kiapo chake mahakamani, Tanga hii ndogo tunayojuana mpaka ukoo. Mi siwezi kumshauri mtu hivyo kirahisi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea lalamiko kutoka kwa mtu mwingine kwa niaba, na inaweza kuchunguza kwa hiari yake. Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, chini ya Sheria Na. 13 ya 1995, nayo inapokea malalamiko dhidi ya viongozi kuhusu mwenendo wao. Hazina kasi, sikatai. Ila anayeandika anaweza kuwa wewe au mimi, si lazima awe yule aliyetajwa.

Kuhusu ushahidi, acheni kunitumia klipu ya sekunde 20 iliyopita magrupu manane. Nataka faili la kwanza kutoka kwenye simu iliyorekodi, hotuba tangu alipoanza mpaka alipomaliza, na mtu aliyerekodi awe tayari kusema nilikuwa pale, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inapima ushahidi kwa namna ulivyotunzwa. Usirekodi sura za watu uwanjani. Andika pia kilichofuata siku zile, nani katolewa nyumba, nani kapigwa, nani kakosa dawa, lakini majina yakae kwenye daftari lililofungiwa, sio kwenye simu, maana siku simu ikishikwa umewakabidhi wote kwa mkupuo.

Barua peleka kwa mkono masjala na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa hapo hapo. Wakikataa kugonga, nenda Posta tuma kwa EMS na ile risiti ibane nyuma ya nakala, siku 30 unazihesabu kuanzia ilipopokelewa.