Kiwango cha kurudia uhalifu: asilimia ya nani?

Kiwango cha kurudia uhalifu ni sehemu ya watu waliomaliza adhabu ambao wanatenda kosa jingine ndani ya muda uliowekwa. Kwa kuwa hakuna anayeyaona makosa yote, watafiti huhesabu yale yaliyoingia kwenye kumbukumbu: kukamatwa, kutiwa hatiani, au kufungwa tena. Ni hayo tu.

Tatizo ni sentensi inayosikika kila takwimu za magereza zinapotolewa: "Zaidi ya nusu ya wafungwa ni warudiaji, kwa hiyo zaidi ya nusu ya wanaoachiwa hurudi." Kipande cha kwanza chaweza kuwa kweli tupu na cha pili kisiwe kweli hata kidogo. Cha kwanza kimehesabu waliomo ndani. Kiwango cha kurudia uhalifu huhesabu waliotoka, na aliyetoka asirudi hayumo gerezani wa kuhesabiwa.

Chukua watu 10. Saba wanafungwa mara moja, wanatoka, basi. Watatu waliobaki wanafungwa mara tano kila mmoja. Daftari la mapokezi litakuwa na mistari 22: 7 ya wale saba na 15 ya wale watatu. Kati ya mistari hiyo, 12 ni ya kurudi, yaani asilimia 55. Askari wa lango hakosei anaposema sura ni zile zile. Lakini waliorudi ni watu 3 kati ya 10. Tena mrudiaji kwa kawaida hupewa kifungo kirefu zaidi, kwa hiyo siku ya kuhesabu wafungwa ni rahisi kumkuta yeye ndani kuliko yule wa miezi mitatu. Na pale ambapo alama za vidole hazilinganishwi, hesabu hupotoka kwa upande wa pili: mtu akitaja jina jipya, anaandikwa mfungwa wa mara ya kwanza.

Mtego huu huwanasa hata watafiti. Anayefuatilia walioachiwa katika mwaka mmoja tu huwapata kwa wingi wale wa kuingia na kutoka, maana ndio wanaoachiwa mara nyingi. William Rhodes na wenzake, nchini Marekani, walipohesabu watu badala ya matukio ya kuachiwa, walikuta takribani wawili kati ya kila watatu hawarudi gerezani.

Likishajulikana kundi, linabaki swali la tukio na muda. Ofisi ya Takwimu za Haki ya Marekani iliwafuatilia kwa miaka 5 wafungwa walioachiwa mwaka 2005 kutoka magereza ya majimbo. Waliokamatwa walikuwa asilimia 76.6, waliotiwa hatiani 55.4, na waliohukumiwa kifungo kipya cha gerezani 28.2. Anayetaka kutisha huchukua ya kwanza, anayetaka kusifu huchukua ya mwisho. Ndiyo maana kuiweka 76.6 hiyo kando ya asilimia 20 ya Norway ni kupoteza wino: ile ya Norway ni ya waliohukumiwa upya ndani ya miaka 2. Norway yaweza kuwa inafanya vizuri zaidi, ila hesabu hiyo haionyeshi kwa kiasi gani.

Tafiti za programu za urekebishaji nazo zina ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Tuseme watu 100 wanaanza mafunzo, 60 wanamaliza, na 12 kati yao wanarudia kosa: asilimia 20, makofi. Katika 40 walioacha njiani, 20 wanarudia. Jumla ni 32 kati ya 100. Kama waliofanana nao ambao hawakupata mafunzo nao wamerudia kwa asilimia 32, mafunzo hayakubadilisha kitu. Yaliwachuja tu wenye nia kutoka kwa wasio nayo. Kwenye jedwali, tafuta idadi ya walioanza kabla ya kusoma asilimia yoyote.

Basi, ukipewa takwimu ya waliomo gerezani, andika hivi: "Kati ya wafungwa waliokuwemo siku ya hesabu, asilimia fulani waliwahi kufungwa kabla." Neno "hurudi" liache hadi upate orodha ya waliotoka.