Spare hakuuza roho, aliuza picha baa

Juzi kijiweni Kinondoni nilikuwa nawaonyesha wana picha za Austin Osman Spare kwenye simu, yule Mwingereza mchoraji, mwandishi na mchawi wa kujifundisha mwenyewe, jamaa mmoja akameza kashata akasema huyo lazima aliuza roho ndo akatajirika. Atajirike wapi! Spare kafa London Mei 1956 ana miaka 69, kapuku kabisa, na miaka yake ya mwisho maonyesho alikuwa anayafanya baa, picha zinaondoka kwa bei ya chee.

Wengine wanadhani sanaa ilimshinda ndo akakimbilia uchawi. Nani kawaambia? Mtoto wa polisi huyo, 1904 ana miaka 17 tu mchoro wake ukatundikwa Royal Academy, ukumbi mkubwa wa sanaa kule London, mwaka uliofuata katoa kitabu, na baada ya vita ya kwanza akawa mchoraji rasmi wa vita, kazi zake mpaka leo ziko kwenye makumbusho ya vita ya Uingereza, Imperial War Museum.

Sasa hilo neno mchawi ndo linatuvuruga, maana mtu wa Dar akilisikia anawaza ungo, tunguri na paka mweusi (paka kweli alifuga, hapo sibishi). Uchawi wa Spare ulikuwa penseli. Unaandika unachokitaka, tuseme NATAKA KIWANJA, unafuta herufi zinazojirudia unabaki na N A T K I W J, unazipandanisha mpaka iwe alama moja isiyosomeka, halafu unaisahau makusudi, kwa sababu yeye aliamini hamu unayoiwazawaza haizai, mpaka izame huko chini ya akili. Kaeleza kwenye kitabu chake The Book of Pleasure, 1913. Mi nimeichora nyuma ya risiti ya duka, herufi zilikubali vizuri tu, kazi iko kwenye kusahau, nani anasahau kiwanja mji huu?

Na wengine wanasema eti alikuwa mfuasi wa Aleister Crowley, yule Mwingereza mwingine aliyevuma kwa uchawi. Walijuana, akaingia kidogo kwenye kundi lake, wakashindwana, akaendelea na yake.

Basi nikamwambia yule wa kashata, 1941 bomu la Wajerumani lilisambaratisha studio yake, mikono ikaumia, picha kibao zikaenda, na bado alirudi kuchora, 1947 akafanya maonyesho mengine. Jamaa kanyamaza, kaagiza kahawa nyingine, halafu ananiuliza, "Sasa mchawi gani anapigwa bomu?"